Binti wa Fundi Cherehani na Elimu ya Jamii

Elimu zina bahati mbalimbali kama watu walivyo na bahati mbalimbali. Iko elimu ambayo jina lake likitajwa barazani hapana aulizaye maana yake. Husemwa kwamba fulani anasoma udaktari, na papo hapo kila msikilizaji huona koti jeupe. Husemwa kwamba fulani anasoma sheria, na watu wakaona joho jeusi na kizimba cha mahakama. Lakini ikisemwa kuwa fulani anasoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, baraza hunyamaza kidogo, kisha mmoja wa wazee huuliza kwa upole lile swali ambalo wachache mno katika wanafunzi wa elimu hiyo wamepata kuliepuka: Atakuja kufanya kazi gani?

Swali hilo lilimkuta binti mmoja wa Muheza, katika Mkoa wa Tanga, mwaka 2017, siku jina lake lilipotokea katika orodha ya waliochaguliwa kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alikaa katika kibaraza cha duka moja karibu na soko, akishona sare za shule mwezi wa Januari, kanzu na magauni siku za kukaribia Idi, na katika miezi iliyo baina ya hayo akitia viraka na kupunguza suruali. Alikuwa ameomba Mungu bintiye asome uuguzi. Mwuguzi hakosi kazi, na mzee akiugua hakosi wa kumshika mkono. Alipoelezwa kwamba binti atakwenda kusoma habari za jamii, alisimamisha cherehani, akavua miwani, akamtazama.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo baba wengi wa pwani wawaitavyo binti zao, "jamii mimi naijua. Najua nani ananenepa na nani anakonda, kwa kuwa viuno vyao napima mimi. Najua nani kaoa kwa siri na nani hana hela ya sare ya mtoto. Sikwenda chuo kikuu kuyajua. Wewe utakwenda kufundishwa nini?"

Binti hakuwa na jibu. Alisema tu, "Nitakuja kukwambia, baba," na neno hilo likawa kama deni.

Chuo alichokiendea kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Shahada ya sosholojia husomwa miaka mitatu. Mwanafunzi hukutana na nadharia za jamii, njia za utafiti, takwimu, maisha ya vijijini na ya mijini, habari za jinsia, za maradhi na tiba, za kazi na viwanda. Mengi katika hayo, yakisomwa katika orodha ya masomo, ni makavu kama majani ya kiangazi. Na haifai kuficha kwamba muhula wa kwanza ulimchosha binti yule. Aliandika maneno mazito katika madaftari bila kuona yanamfikisha wapi. Mara mbili alifikiri kuomba kubadilisha somo. Kilichomzuia si ushujaa. Muda wa kuomba ulikuwa umekwisha.

Jambo la kwanza lililomwamsha lilikuwa kujua kwamba elimu hii ni kongwe kuliko jina lake. Jina la sosholojia lilitungwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830, kwa kuunga neno la Kilatini na neno la Kigiriki. Lakini kiasi cha miaka mia nne na nusu kabla yake, mwaka 1377, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alijifungia katika ngome moja ya nchi ambayo leo ni Algeria, akaandika utangulizi wa kitabu chake cha tarikh, na katika utangulizi huo akadai kwamba amepata elimu mpya: elimu ya makazi na ustaarabu wa wanadamu. Alitaka kujua kwa nini dola husimama na kwa nini huanguka. Akaona kwamba watu wa jangwani hushikamana kwa asabia, yaani ule mshikamano wa damu na wa shida. Kwa nguvu hiyo huteka miji, kisha starehe za mji huwalegeza, hata baada ya vizazi vitatu, miaka kama 120 kwa hesabu yake, wenyewe wakatekwa na wengine. Mtu aweza kukataa hesabu hiyo, na wengi wameikataa. Lakini jambo la ajabu ni kuwa Ibn Khaldun hakusema dola zimeanguka kwa sababu mfalme fulani alikuwa mwovu. Alitafuta sababu katika namna watu wanavyoishi pamoja.

Na kwa kuwa habari hii ni ya kazi vilevile, inafaa kutaja kwamba mtu huyo alipata kuwa katibu wa wafalme, balozi, mfungwa, mwalimu, na mwisho kadhi mjini Cairo, mji alimofariki mwaka 1406. Kama baba yake angaliulizwa mapema kijana huyu atafanya kazi gani, asingaliweza kujibu.

Jambo la pili lilitoka katika kitabu cha Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, kilichotoka mwaka 1897, kinachohusu watu wanaojiua. Hapana tendo ambalo watu hulihesabu kuwa la mtu binafsi kuliko hilo. Atendaye huwa peke yake, na mara nyingi siri ya moyo wake huzikwa pamoja naye. Durkheim aliziacha siri za mioyo, akachukua hesabu za serikali za nchi za Ulaya. Akaona kwamba kiasi cha watu wanaojiua katika nchi moja hakibadiliki sana mwaka hata mwaka, ilhali watu wenyewe si wale wale. Na kwamba Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, na wasiooa zaidi kuliko wenye ndoa na watoto. Akasema basi kwamba mna kitu nje ya mtu, katika namna alivyofungwa au alivyofunguliwa na wenziwe, ambacho humshika au humwacha. Wako wanazuoni waliozikosoa takwimu zake, wakasema kuwa makarani na familia za Kikatoliki huenda walificha vifo hivyo kwa haya. Nalo pia ni fundisho: hesabu nayo ina jamii iliyoizaa.

Binti alisoma kitabu hicho maktabani jioni moja ya mvua, na kwa mara ya kwanza alimkumbuka baba yake si kwa mapenzi tu bali kwa hoja. Baba alijua kiuno cha kila mtu. Durkheim hakujua kiuno cha hata mmoja. Ni yupi aliyeijua jamii?

Maktaba hiyo hiyo ilimfungulia mlango mwingine, usiopendeza sana. Humo mmehifadhiwa karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyeshika katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika cheo cha Mwanasosholojia wa Serikali, akakusanya sheria za mila za Wahaya na za Wasukuma. Humo pia kinapatikana kitabu cha J. A. K. Leslie, afisa wa serikali hiyo hiyo, aliyetumwa katika miaka ya 1956 na 1957 kuwachunguza wakazi wa Dar es Salaam: wanatoka wapi, wanapanga vyumba kwa nani, wanakula nini, wanamkopa nani. Kilichapwa mwaka 1963, wakati serikali iliyomtuma imekwisha kuondoka. Mji aliouandika ulikuwa na watu 128,742 kwa sensa ya mwaka 1957. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa jina hilo. Vitabu hivyo vina manufaa makubwa, na msomaji wa leo huweza kuonana humo na babu zake. Walakini swali la kazi likapata sura nyingine. Kumbe ilikuwapo kazi ya sosholojia katika nchi hii zamani sana, na kazi hiyo ilikuwa kumjua mtawaliwa ili atawalike. Anayelipa mshahara wa mchunguzi ndiye anayechagua swali. Binti aliliandika jambo hilo pembeni mwa daftari lake, asijue kwamba litarudi.

Lakini elimu ile ile haikutumikia upande mmoja. Mwalimu wao mmoja alikuwa na desturi ya kuuliza darasa, kila mwaka, kama wanamjua mwanasosholojia aliyeuawa Dar es Salaam. Aghalabu darasa hunyamaza. Ni Eduardo Mondlane, mtoto wa Msumbiji, aliyepata shahada ya uzamivu katika sosholojia mwaka 1960 katika chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Syracuse, kisha akaacha usalama wa kiti cha mwalimu akaja Dar es Salaam kukiongoza chama cha FRELIMO kilichoundwa humo mwaka 1962. Tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi kilichotumwa kwake. Ndani mlikuwa na bomu. Katika bara hili yuko pia Kofi Busia, aliyekuwa profesa wa sosholojia nchini Ghana kabla ya kuwa waziri mkuu tangu mwaka 1969 hata alipopinduliwa mwaka 1972. Wanafunzi walicheka kwa uchungu kidogo, wakasema kuwa kama hizi ndizo kazi zake, afadhali kukaa bila kazi.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Binti alikuwa mwaka wa tatu, na utafiti wake wa mwisho alikuwa ameupanga katika vituo vya daladala vya Dar es Salaam. Akajikuta Muheza, kwenye kibaraza cha baba yake, hana kituo wala abiria wa kumwuliza. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia daftari la madeni.

Mafundi wengi wana daftari kama hilo. Lilikuwa na jalada gumu, kona zake zimeliwa, na ndani yake mlikuwa na majina, nguo, bei, kilichotangulizwa na kilichobaki, kwa miaka kadha wa kadha. Baba yake alikuwa na nadharia yake kuhusu madeni, naye aliitoa kwa wateja na kwa wapita njia: mwenye mshahara hulipa, kwa kuwa mwezi hauna budi kuisha, mkulima wa machungwa hulipa msimu ukija, mwanamke mwuza vitumbua hakopeshwi, kwa kuwa chake cha leo ndicho chakula cha leo. Alisema hayo kwa yakini ya mtu aliyeyaona kwa macho.

Binti aliomba ruhusa, akaketi na daftari majuma mawili. Kila jina akalipa namba badala yake, apate kuwasitiri wenyewe. Akaandika kazi ya kila mmoja, tarehe ya kukopa, tarehe ya kulipa. Halafu akawaendea waliokubali kuzungumza, akawauliza kwa adabu jinsi walivyopata fedha ya kumlipa fundi. Yaliyotoka humo yalimshangaza. Wenye mshahara ndio waliochelewa kuliko wote. Mshahara wao ulikuwa umekwisha kukatwa na mikopo ya benki kabla haujawafikia mkononi. Wanawake wauza vitumbua, wale wachache ambao mzee aliwahurumia akawakopesha kinyume cha kanuni yake, walilipa mapema. Sababu ilikuwa upatu. Kila mmoja wao alikuwa katika mchezo wa akina mama kumi au kumi na wawili, na zamu yake ya kupokea ilijulikana. Tena jina baya kwa fundi lilikuwa jina baya katika mchezo. Mzee alikuwa amewaangalia mmoja mmoja, na mmoja mmoja walikuwa maskini kweli. Hakuwaona wakiwa kundi.

Ni daftari moja la fundi mmoja katika mji mmoja mdogo, na mtu asije akalifanya kuwa sheria ya nchi. Binti mwenyewe alionywa hivyo na msimamizi wake, naye akaandika onyo hilo katika ukurasa wa kwanza. Lakini tazama kilichotokea kibarazani. Aliyepingwa hapa ni mwandiko wa mzee mwenyewe, uliopinga maneno ya mzee mwenyewe. Aliposomewa, alikaa kimya muda mrefu. Akataka kurudiwa majina, akakumbushwa kwamba hayatajwi. Akasema, "Basi nimewadhulumu watu miaka yote hii." Jibu la swali alilolitoa mwaka 2017 lilikuwa mbele yake, wala hakuna aliyelitaja. Juma lililofuata, mwuza vitumbua mmoja alipewa gauni la bintiye kwa ahadi ya mdomo.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, na baada ya miezi michache binti akavaa joho. Kisha ikaanza ile habari ambayo wahitimu wengi huijua na wachache hupenda kuisimulia. Alituma maombi, akaitwa kwenye usaili wa nafasi chache waliouendea mamia, akarudi. Watu wa mtaani wakamwuliza habari za kazi kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za mgonjwa. Chuoni alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani C. Wright Mills cha mwaka 1959, ambacho hutenga shida ya mtu na jambo la umma: mmoja akikosa kazi katika mji wenye kazi, twatazama tabia yake na ujuzi wake; mamilioni wakikosa, hapana budi kutazama mpango mzima wa nchi. Alikuwa amelijibu swali hilo katika mtihani akapata alama nzuri. Sasa alilijibu kwa maisha yake. Maarifa hayo yalimpunguzia haya, walakini hayakumpunguzia njaa.

Wenziwe walitawanyika, na mtawanyiko wao ni jibu la haki zaidi kuliko matangazo ya vyuo. Mmoja aliajiriwa na halmashauri kuwa afisa maendeleo ya jamii. Kazi yake kubwa ni vikundi, kwa kuwa halmashauri hutakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, naye hana budi kutambua kikundi cha kweli na kikundi kilichozaliwa usiku wa kuamkia maombi. Mwingine yuko katika utafiti wa afya, anawauliza akina mama kwa nini hawaendi kliniki mapema, na majibu anayoyaleta hayamo katika vitabu vya madaktari: nauli, mama mkwe, ukali wa mhudumu. Wa tatu anachunguza soko la sabuni kwa ajili ya kampuni, naye ndiye anayelipwa vizuri kuliko wote, na ndiye anayelalamika kuliko wote. Yuko aliyeingia idara ya utumishi ya kiwanda, yuko aliyepata nafasi ya kusoma shahada ya pili, na yuko anayeuza simu Kariakoo, ambaye husema kwamba elimu ya jamii inamsaidia kujua nani amekuja kununua na nani amekuja kupoza macho. Wawili walitaka kuwa maafisa ustawi wa jamii, wawahudumie watoto waliotupwa na ndoa zinazovunjika, wakaambiwa kwamba kazi hiyo ina taaluma yake na chuo chake. Kosa hilo la kuchanganya elimu ya jamii na ustawi wa jamii ni la watu wengi, hata la waajiri. Ni heri mwanafunzi alijue mwaka wa kwanza kuliko siku ya usaili.

Binti wa fundi alipata kibarua cha sensa, akawa karani usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mwaka 2022 na siku zilizofuata, akizunguka na kishikwambi nyumba hata nyumba. Nchi nzima ilihesabiwa watu 61,741,120. Mwaka uliofuata kampuni moja ya washauri ikamwajiri kwa mkataba wa miezi. Mradi mkubwa ulikuwa upite katika vijiji vya pwani, na wakopeshaji wa miradi kama hiyo, tangu Benki ya Dunia ilipoweka masharti yake juu ya watu wanaohamishwa, hawatoi fedha mpaka ijulikane nani atahama na ataishi vipi. Mthamini huhesabu mali. Mwanasosholojia huhesabu maisha. Ndivyo ilivyoandikwa katika mkataba, ijapokuwa si kwa maneno hayo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iliyo kamili, ya haki, na ya kwa wakati. Maneno matatu haya ni mepesi kuandikwa. Katika kijiji kimoja binti alikutana na mzee aliyekuwa na minazi kumi na mmoja. Minazi ilikuwa yake. Ardhi haikuwa yake. Jambo hilo si geni pwani: toka zamani mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na mnazi huweza kurithiwa, kuwekwa rehani na kukombolewa, wala udongo usihame. Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja: jina la mwenye shamba. Mwenye shamba alikuwa kijana aliyekaa mjini, naye alikwisha kuandikwa.

Na chini ya minazi hiyo alikuwapo mtu wa tatu. Mwanamke mmoja, mjane, alikuwa na ruhusa ya kuokota makuti yaangukayo, akayasuka na kuyauza kwa wenye kuezeka. Hakuwa na mti, hakuwa na ardhi, hakuwa na karatasi. Alikuwa na desturi tu.

Jioni ile binti alimweleza mkuu wake kwamba mstari mmoja hautoshi. Mkuu wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye tarehe. Akasema kwamba fomu imekubaliwa na wenye fedha, kwamba taarifa inatakiwa siku ya Ijumaa, na kwamba kila kijiji kikidai mistari mitatu mradi hautafika baharini. Binti alikumbuka maneno aliyoyaandika pembeni mwa daftari lake maktabani. Mkataba wake ulikuwa umebakiwa na majuma matano. Kila mshahara ulikatwa asilimia 15 kulipa mkopo uliomsomesha, na kilichobaki kilikuwa kikimsomesha mdogo wake. Hapana somo katika yale ya miaka mitatu lililokuwa limemfundisha la kufanya saa kama hiyo.

Hakugoma, wala hakukaa kimya kabisa. Alikesha akiandika kiambatisho cha kurasa nne juu ya desturi za minazi katika kijiji kile: nani mwenye mti, nani mwenye ardhi, nani mwenye kivuli, na kila mmoja anapata nini kwa mwaka. Aliita wazee watatu na mwenyekiti wa kijiji watie sahihi. Asubuhi akaweka kurasa hizo juu ya meza ya mkuu wake bila kusema neno. Mkuu alizisoma akiwa amesimama, akauliza kama mzee ana mashahidi, kisha akaiandika minazi kumi na mmoja kwa jina la mzee, kwa kalamu, kando ya mstari ule mmoja. Ukurasa wa nne, uliokuwa na habari za makuti, aliurudisha. "Huu," alisema, "hauna pa kuingia."

Mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Haikusemwa kwa nini, na huenda hapakuwa na sababu ila kazi kwisha. Alirudi Muheza na mfuko wake na madaftari yake, siku za kukaribia Idi, akakuta kibaraza kimejaa vitambaa na baba yake hana nafasi ya kuinua kichwa. Alimwamkia, akaitikiwa, akapewa mkasi. Wakafanya kazi mpaka adhuhuri, naye akisimulia huku akikata nyuzi, tangu mwenye shamba wa mjini hata kurasa nne.

"Yule mzee wa minazi," aliuliza baba, "amekwisha lipwa?"

"Bado, baba. Nilipoondoka walikuwa wanangoja hundi."

"Na yule mama wa makuti?"

"Hakuandikwa."

Mzee alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Jina lake nani?"

Binti alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa amempa namba, kama alivyofundishwa. Aliweka mkasi chini, akauvuta mfuko wake, akatoa daftari la kijiji kile, akaanza kupekua kurasa moja moja akilitafuta jina, na baba yake akangoja, mguu wake ukiwa juu ya kanyagio.